Kukizunguka Korsika, Kisiwa cha Milima

Katika Bahari ya Mediterania, kusini ya Ufaransa na magharibi ya Italia, kipo kisiwa kiitwacho Korsika. Si kisiwa kikubwa. Urefu wake kutoka kaskazini hata kusini wapata maili 114, na upana wake, mahali palipo papana kuliko pote, ni maili 52 tu. Mtu aitazamaye ramani aweza kudhani kwamba motokaa itakizunguka kwa siku moja, na jioni dereva ale chakula pale pale alipokunywa chai asubuhi. Lakini ramani ndogo haionyeshi milima. Kilele cha Monte Cinto kimeinuka futi 8,878, na kutoka kileleni hata ufukoni hapafiki maili 20. Basi barabara za Korsika hazikunyooka. Hupanda, hushuka, hujikunja kama nyoka aliyekanyagwa, na dereva mwenye haraka hufunzwa subira kabla ya saa sita mchana.

Wageni wengi hufika kwa meli. Meli hizo hutoka Marseille au Nice katika Ufaransa, au Livorno katika Italia, zikiwa zimechukua watu pamoja na motokaa zao. Zile za Marseille husafiri usiku kucha. Alfajiri, kabla nchi haijaonekana vizuri, hutangulia harufu yake. Sehemu kubwa ya kisiwa imefunikwa na vichaka vizito vya kimo cha mtu, vyenye majani yanukiayo kama viungo vya jikoni, na upepo wa nchi kavu huichukua harufu hiyo mbali baharini. Yasemekana Napoleon Bonaparte, aliyezaliwa kisiwani, alidai kwamba angeweza kuitambua nchi yake kwa pua tu, hata akifungwa macho. Zamani mtu aliyemwua mwenziwe alikimbilia ndani ya vichaka hivyo, na askari walichoka kumtafuta. Hata Wafaransa waliopigana kwa siri na Wajerumani katika miaka ya 1940 walijiita Maquis, nalo ndilo jina la vichaka hivyo.

Jambo la pili limshangazalo mgeni, hasa akiwa Mwafrika, ni bendera. Ni nyeupe, na katikati yake pana kichwa cha mtu mweusi aliyefungwa kitambaa kwenye paji la uso. Kichwa hicho kimepigwa chapa kila mahali: juu ya majumba ya Serikali, juu ya chupa na fulana, hata kwenye vibao vya namba za motokaa. Picha hiyo ilitoka kwa wafalme wa Aragon, Hispania, na kisiwa jirani cha Sardinia kinayo pia, ila huko vichwa ni vinne. Pasquale Paoli, aliyeiongoza Korsika ilipokuwa nchi huru kutoka 1755 hadi 1769, ndiye aliyeifanya bendera ya taifa. Watu husimulia kwamba katika picha za kale kitambaa kilifunika macho, naye Paoli akaamuru kipandishwe juu, kwa kuwa watu wake sasa wanaona. Kama ndivyo ilivyokuwa au sivyo, Wakorsika hulipenda sana simulizi hilo.

Mji wa bandari wa Bastia uko kaskazini-mashariki, na kutoka hapo ni vema kuanza safari kwa kuizunguka rasi iitwayo Cap Corse, ambayo imejitokeza baharini yapata maili 25 kama kidole kimoja cha mkono uliofumbwa. Barabara hufuata ukingo wa bahari. Kila baada ya maili chache huonekana mnara wa mawe wa mviringo juu ya jabali. Minara hiyo ilijengwa zaidi katika karne ya 16, wakati kisiwa kilipotawaliwa na mji wa Genoa wa Italia, na ilipata kufika kadiri ya 80 kukizunguka kisiwa chote. Kazi yake ilikuwa kulinda watu na maharamia kutoka pwani ya Afrika ya Kaskazini, waliokuja kwa merikebu kuteka nyara na kuwachukua watu utumwani. Mlinzi alipoona matanga aliwasha moto. Mnara wa pili ukiona moto huo, nao uliwasha wake. Na watu wa vijijini walichukua watoto na mbuzi wao wakapanda mlimani. Mnara mmoja, wa Mortella karibu na Saint-Florent, ulizisumbua manowari za Waingereza mwaka 1794 hata wakaustaajabia. Walichora ramani yake, na baadaye wakajenga minara ya namna hiyo katika pwani zao wenyewe kwa kumhofu Napoleon.

Katika kijiji cha Nonza, upande wa magharibi wa rasi, yasimuliwa habari ya mzee Casella. Mwaka 1768 jeshi la Wafaransa lilikizunguka kijiji, na bunduki zikalia mnarani bila kukoma. Wafaransa walikubali kuwaachia walinzi watoke kwa heshima, na silaha zao mikononi. Mlango ukafunguliwa, akatoka mzee mmoja anayechechemea. Mkuu wa Wafaransa akauliza jeshi liko wapi. Mzee akajibu kwamba ndiye yeye.

Chini ya mnara huo pana ufuko mpana wa kokoto nyeusi-kijivu, na wageni hushuka kuupiga picha. Wachache hujua kwamba ufuko huo haukuumbwa na bahari. Maili chache kaskazini, katika Canari, palikuwa na mgodi wa asbesto uliofungwa mwaka 1965, na takataka za mawe zilitupwa baharini. Mawimbi yakazisukuma hata zikajaza ghuba. Mgodi uliwapa watu kazi katika nchi isiyo na kazi nyingi, kisha ukawaachia ufuko mweusi, na wengine ukawaachia ugonjwa wa mapafu.

Watu wa Cap Corse tangu zamani ni mabaharia. Katika karne ya 19 wengi walikwenda Amerika, hasa Puerto Rico na Venezuela, na waliofanikiwa walirudi wakajenga majumba makubwa katika vijiji vidogo, yenye nguzo na ngazi za kifahari. Majumba hayo bado huitwa nyumba za Waamerika. Mengine yamefungwa madirisha mwaka mzima, kwa maana watoto wa wajukuu hawaelewani ni nani mwenyewe. Hapa msafiri huonja kwa mara ya kwanza jambo litakalomfuata kisiwa kizima: nyumba nzuri ya mawe, na ndani yake hamna mtu.

Kabla ya kuiacha Saint-Florent, dereva apande hata kipito cha Teghime, kilicho juu ya Bastia, futi zipatazo 1,750. Kutoka hapo bahari huonekana pande zote mbili. Mwanzoni mwa Oktoba 1943 Wajerumani walikuwa wamekishika kipito hicho ili majeshi yao yapate kuondoka kwa bandari ya Bastia, na waliowaondoa walikuwa Waafrika: askari wa Moroko katika jeshi la Ufaransa, watu wa milimani waliozoea kutembea na nyumbu na kupigana katika mawe. Walikitwaa kipito, na tarehe 4 Oktoba wakaingia Bastia. Hivyo Korsika ikawa sehemu ya kwanza ya Ufaransa ya Ulaya kukombolewa, miezi minane kabla ya majeshi kushuka Normandy. Liko jiwe la ukumbusho hapo kipitoni. Upepo huvuma sana, na magari mengi hayasimami.

Kutoka Saint-Florent njia huelekea magharibi, kupitia L'Île-Rousse, mji ulioanzishwa na Paoli mwaka 1758 ili kuunyang'anya biashara mji wa Calvi uliokuwa mikononi mwa Genoa. Calvi yenyewe ina ngome kubwa juu ya bahari. Hapo ndipo jemadari Nelson wa Uingereza alipopoteza uwezo wa kuona kwa jicho lake la kuume, Julai 1794, kombora la adui lilipomrushia mchanga na mawe usoni. Kwa miaka miwili, 1794 hadi 1796, Korsika ilikuwa chini ya mfalme wa Uingereza, jambo ambalo Waingereza wengi wamelisahau.

Kusini ya Calvi ndipo penye barabara ya kumtoa dereva jasho. Hata Porto ni yapata maili 50, lakini saa mbili hazitoshi kwa mtu mwangalifu. Upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni shimo, na chini kabisa bahari ya buluu. Penye kona motokaa hukutana na basi la watalii, na mmoja sharti arudi kinyumenyume hata mahali papana. Desturi ya adabu ni kwamba mwenye gari dogo ndiye arudiye. Wanyama nao wana haki yao ya barabara. Ng'ombe hulala kwenye lami kwa sababu ina joto, mbuzi husimama juu ya ukuta, na nguruwe wenye mabaka meusi huvuka na watoto wao bila kutazama huku wala huku. Nguruwe hao si wa mwituni. Kila mmoja ana mwenyewe, lakini huachwa wajitafutie chakula msituni hata wakati wa kuchinjwa ufike.

Ghuba ya Porto yasifiwa kuliko mahali pengine pote pa kisiwa, na kwa haki. Miamba ya matale mekundu imetumbukia baharini kutoka juu sana, nayo imechongwa na upepo na chumvi hata imepata maumbo ya watu, mbwa na maaskofu. Karibu na Piana barabara yapita katikati ya miamba hiyo, na jua linapotua miamba huwa kama makaa. Pwani ya Scandola, upande wa kaskazini wa ghuba, ilifanywa hifadhi mwaka 1975, na mwaka 1983 UNESCO iliiandika ghuba katika orodha ya urithi wa dunia. Kijiji cha Girolata, kilicho katika pwani hiyo, hakina barabara hata leo. Mtu huenda kwa mashua au kwa miguu.

Yapata maili 20 mbele kuna mji mdogo wa Cargèse, wenye makanisa mawili yanayotazamana ng'ambo ya bonde. Moja ni la ibada ya Kilatini, la pili ni la ibada ya Kigiriki. Mwaka 1676 Wagiriki mamia kadhaa, waliokimbia utawala wa Waturuki, walipewa ardhi na Genoa karibu na hapo. Wakorsika waliokuwa wakichunga katika ardhi hiyo hawakuulizwa. Wakaja juu, wakachoma mashamba, na mwaka 1731 Wagiriki wakafukuzwa. Cargèse walijengewa baadaye, chini ya Wafaransa. Siku hizi majirani hao wameoana kwa vizazi vingi, na kwa miaka mingi padre mmoja aliyahudumia makanisa yote mawili. Lakini habari ya ardhi kugawiwa mgeni mbele ya macho ya mwenyeji haikuishia hapo, kama itakavyoonekana.

Ajaccio ni mji mkuu, nao una sanamu za Napoleon za kutosha miji mitatu. Alizaliwa humo tarehe 15 Agosti 1769. Mwaka mmoja kabla yake Genoa ilikuwa imechoka na maasi, ikaikabidhi Korsika kwa mfalme wa Ufaransa kama mtu alipaye deni kwa mbuzi. Mnamo Mei 1769 Wafaransa walilishinda jeshi la Paoli katika Ponte Novu. Baba yake Napoleon alikuwa mmoja wa watu wa Paoli, na mama yake alikimbia milimani akiwa na mimba ya mtoto ambaye baadaye angewatawala Wafaransa hao hao. Wakorsika wa milimani hawamtaji sana. Wakisema juu ya baba wa taifa, wanamtaja Paoli, ambaye alikufa uhamishoni London mwaka 1807.

Barabara ya kusini hupanda tena na kupita Sartène, mji wa nyumba ndefu za mawe ya kijivu zilizobanana kama watu wasiotaka kusikilizwa. Mji huu ulisifika kwa visasi. Mtu akiuawa, ndugu zake waliwajibika kumwua mtu wa ukoo wa muuaji, na damu ya pili ilidai ya tatu, hata ikafika kwamba wanaume wa ukoo fulani hawakuweza kutoka nje ya nyumba yao kulima. Madirisha ya chini yalizibwa kwa mawe. Vijana walikufa kwa ajili ya ugomvi ambao chanzo chake wazee walikuwa wamekisahau. Desturi hiyo imekwisha, nayo haifai kusifiwa, ingawa maduka huuza visu vya ukumbusho vyenye jina la kisasi. Kila Ijumaa Kuu mtu mmoja aliyefunikwa kwa vazi jekundu toka kichwani huburuta msalaba na mnyororo mzito katika njia za mji, akiwa miguu mitupu. Jina lake hulijua padre peke yake.

Mwisho wa kusini ni Bonifacio, na hapo nchi yabadilika ghafula. Majabali si mekundu tena bali meupe, ya chokaa, na mji wa kale umejengwa juu yake ukingoni kabisa, hata nyumba nyingine zimening'inia juu ya bahari. Ng'ambo, maili saba au nane tu, ni Sardinia. Mlango huo wa bahari una miamba na pepo kali. Tarehe 15 Februari 1855 manowari ya Kifaransa La Sémillante, iliyokuwa ikipeleka askari kwenye vita vya Crimea, ilivunjika katika visiwa vya Lavezzi, na watu wapatao 700 wakafa. Hakuokoka hata mmoja. Walizikwa pale pale kisiwani.

Kutoka Bonifacio njia hurudi kaskazini kwa upande wa mashariki, kupitia misitu ya mialoni ambayo magome yake hubanduliwa kufanya vizibo vya chupa. Baada ya Porto-Vecchio milima husogea mbali, na barabara kwa mara ya kwanza hunyoka. Dereva hupumua na kukanyaga mafuta. Hii ndiyo ardhi tambarare ya Aléria, ardhi bora kuliko yote ya kisiwa, na hapa ndipo penye historia ambayo mkulima yeyote ataielewa bila kufafanuliwa.

Kwa karne nyingi ardhi hiyo haikukaliwa. Mito itokayo milimani hufanya mabwawa na vinamasi karibu na bahari, na vinamasi vilizaa mbu, na mbu wakaleta malaria. Wenye mashamba ya chini waliishi vijijini juu mlimani. Walishuka kulima na kuvuna, na joto lilipoanza walipanda upesi, wakiiacha nchi mikononi mwa homa hata mvua za vuli. Ndiyo maana vijiji vya Korsika viko juu namna ile, vikiitazama bahari kwa mbali. Haikuwa kwa ajili ya maharamia peke yao. Mwaka 1944 jeshi la Marekani, lililokuwa na viwanja vingi vya ndege katika tambarare hiyo, lilianza kunyunyiza dawa ya DDT, na kazi hiyo iliendelezwa baada ya vita. Katika miaka michache mbu wakapungua na homa ikatoweka. Ardhi iliyokuwa kaburi ikawa mali.

Swali likawa: mali ya nani? Mwaka 1957 Serikali ya Ufaransa iliunda shirika la kufyeka vichaka, kuleta maji na kugawa mashamba, na Wakorsika walitumaini kwamba vijana wao waliokwenda kutafuta kazi Marseille watapata sababu ya kurudi. Lakini mwaka 1962 Algeria ikapata uhuru, na walowezi wa Kifaransa waliokimbia huko wakafika kwa maelfu. Sehemu kubwa ya mashamba mapya, na mikopo yake, ilikwenda kwao. Haki yawataka watu wakumbuke kwamba hao nao walikuwa wamepoteza yote waliyokuwa nayo, na walikuwa wakulima hodari. Walipanda mizabibu maili kwa maili. Hata hivyo mwenyeji aliyekuwa akitazama kutoka kijijini juu aliona jambo moja tu.

Kisha ikavumishwa kwamba baadhi ya wafanya mvinyo wakubwa hutia sukari kupita kiasi na kuwalaghai wakulima wadogo. Tarehe 21 Agosti 1975 daktari mmoja, Edmond Simeoni, pamoja na wenzake wachache wenye bunduki za kuwindia, waliingia katika ghala la mvinyo karibu na Aléria wakakataa kutoka. Kesho yake Serikali ilileta askari zaidi ya elfu moja na magari ya deraya. Risasi zikalia, na askari wawili wakafa. Simeoni alifungwa. Mwaka uliofuata kilianzishwa chama cha siri cha kupigania uhuru wa kisiwa kwa silaha, na kwa karibu miaka 40 mabomu yalilipuka usiku katika ofisi za Serikali na majumba ya wageni. Mwezi wa Februari 1998 mkuu wa Serikali kisiwani, Claude Érignac, alipigwa risasi barabarani Ajaccio alipokuwa akienda kusikiliza muziki. Makumi ya maelfu ya Wakorsika waliandamana kuulaani mwuaji. Mwaka 2014 chama hicho kilitangaza kuacha silaha, na Desemba 2015 Gilles Simeoni, mwana wa yule daktari, alichaguliwa kuongoza baraza la utendaji la kisiwa kwa kura.

Leo mizabibu mingi ya wakati ule imeng'olewa. Mahali pake pamepandwa machenza madogo yasiyo na kokwa, ambayo asili yake ni Algeria. Huvunwa kuanzia Novemba na kuuzwa yakiwa na majani yake mabichi, ili mnunuzi wa Paris ayatambue na ajue kwamba hayakukaa ghalani. Bei yake ni nzuri. Lakini ugomvi wa ardhi umehamia pwani, maana wageni wa likizo, ambao kwa mwaka hufika mamilioni, wamezipenda nchi za ufukoni. Zaidi ya robo ya nyumba zote za kisiwa ni nyumba za mapumziko, na kijana wa Porto-Vecchio atakaye kujenga karibu na wazazi wake hushindana na fedha za watu wa mbali.

Kutoka Aléria barabara hufuata mto Tavignano kupanda hata Corte, mji ulio katikati ya kisiwa, wenye ngome juu ya mwamba kama kiota cha tai. Ulikuwa mji mkuu wa Paoli. Hapo mwaka 1765 alifungua chuo kikuu, ili vijana wasilazimike kwenda Italia kusoma. Wafaransa walipoingia kilifungwa, kikakaa kimefungwa zaidi ya miaka 200, na kikafunguliwa tena mwaka 1981. Sasa wanafunzi wamejaa njiani, na lugha ya Kikorsika, ambayo wazazi wao waliadhibiwa kwa kuisema shuleni, hufundishwa darasani. Gari la moshi hupita Corte likitoka Bastia kwenda Ajaccio, kwa njia iliyomalizika mwaka 1894. Hupita mashimo na madaraja mengi, pamoja na daraja la mto Vecchio lililotengenezwa na Gustave Eiffel, yule wa mnara wa Paris.

Mtu aweza kutoka Corte moja kwa moja hata Bastia kwa barabara pana. Lakini afadhali akate kulia Ponte Leccia, apite Morosaglia, kijiji alikozaliwa Paoli na ambako mifupa yake ilirudishwa kutoka Uingereza mwaka 1889, aingie nchi iitwayo Castagniccia. Njia ni nyembamba na giza, kwa sababu ya miti.

Mti huo ni mkastania. Huzaa kokwa za hudhurungi, zilizofungwa ndani ya ganda lenye miiba mingi kama mgongo wa nungunungu. Katika karne ya 16 Genoa iliwaamuru wenye ardhi wapande miti ya matunda kila mwaka, na huku milimani, ambako nafaka haistawi, watu walichagua mkastania. Waliuita mti wa mkate. Wakati wa vuli kokwa huanguka, watu huziokota wameinama, kisha huzitandaza darini juu ya fito, na chini yake moto mdogo wa moshi huwaka kwa majuma matatu au manne mchana na usiku. Zikikauka hupigwa ili maganda yatoke, hutiwa katika tanuri, na husagwa. Unga wake ni mtamu wenyewe bila sukari. Hupikwa kwa maji katika sufuria, hukorogwa kwa mwiko mrefu na mwanamume au mwanamke mwenye nguvu, hata uwe mgumu kama ugali. Kisha hupinduliwa juu ya kitambaa chenye unga na kukatwa kwa uzi. Huliwa na jibini jeupe laini liitwalo brocciu, lifanywalo kwa maji yabakiayo baada ya kugandisha maziwa ya kondoo. Kwa chakula hicho Castagniccia iliwahi kuwa mojawapo ya sehemu zenye watu wengi kuliko zote za Korsika.

Kisha wakapungua. Vita vya 1914 hadi 1918 vilichukua vijana, na kila kijiji, hata kile cha nyumba ishirini, kina jiwe lenye orodha ndefu ya majina. Waliobaki walitafuta mshahara: uaskari, ukarani, kazi za Serikali katika makoloni ya Kifaransa ya Afrika na Asia. Viwanda vilinunua miti yenyewe, vikaikata kwa maelfu ili kupata dawa ya kutengenezea ngozi, na mwenye shamba aliyekuwa na njaa leo aliuza mti ambao ungemlisha mjukuu. Ugonjwa wa mizizi nao uliua mingi. Matuta ya mawe, yaliyojengwa kwa mikono na kuzuia udongo kwa mamia ya miaka, yalianguka moja moja, na vichaka vikarudi. Vichaka vikirudi, moto wa kiangazi hupata njia.

Mwaka 2006 unga wa kastania wa Korsika ulipewa ulinzi wa jina kwa sheria, asije mtu wa nchi nyingine akauza wake kwa jina hilo, na wakulima vijana kadhaa wakaanza kuisafisha miti ya mababu. Mwaka 2010 akaonekana nyigu mdogo sana kutoka Asia, ambaye hutaga mayai katika matumba ya mkastania. Tumba huvimba, tawi halizai, na mavuno yakaanguka vibaya. Dawa ya kunyunyiza haikufaa, kwa sababu miti ni mirefu na iko katika magenge, na nyuki wangekufa. Ikaletwa nyigu ya pili, adui wa ile ya kwanza, ambayo hutaga mayai yake ndani ya vivimbe na kuwala watoto waliomo. Iliachiwa msituni kuanzia 2011. Kwa miaka kadhaa hapakuonekana faida, na wengine walikata tamaa na kurudi mjini. Wengine waliendelea kupogoa matawi makavu na kufyeka chini ya miti isiyozaa. Nyigu mzuri akaongezeka, vivimbe vikapungua, na kokwa zikaanza kuanguka tena.

Miti mingine ya Castagniccia haikumbatiwi na watu watatu, na ndani yake ni tupu kiasi kwamba mbuzi huingia kujikinga mvua. Vijiji viko juu ya migongo ya milima, kila kimoja na mnara wa kanisa, vikionana lakini vikiwa mbalimbali kwa mwendo wa nusu saa. Katika vingi, nyumba tatu kwa nne zimefungwa hata Agosti, wenyewe waishipo bara. Ikiwa safari ni ya Novemba, dereva apunguze mwendo penye kona na atazame mapaa. Kokwa zinapokaushwa darini, moshi hupenya katikati ya mawe ya paa, mwembamba na wa buluu, na katika kijiji kilichoonekana kimekufa huhesabika moshi wa nyumba mbili, pengine tatu. Unga huwa tayari mnamo Desemba, nao huuzwa pale pale mlangoni.